Koksidia wa kuku hana shida na sungura wako

Kuku wakianza kuhara damu, mfugaji mwenye sungura banda la jirani hukosa usingizi: na hawa wataambukizwa? Kwa ugonjwa huu wa koksidia hofu hiyo haina msingi. Koksidia ni protozoa, yaani vimelea wa seli moja. Protozoa wengi wa matumbo huchagua wenyeji wao (wanyama wanaowabeba), ila wapo wasiochagua, na hao ndio huleta mkanganyiko na dhana potofu zinazosahihishwa hapa chini.

Dhana: Koksidia ni ugonjwa mmoja unaoruka toka mnyama hadi mnyama

Koksidia wanaosumbua mifugo kwa kawaida ni wa jenasi Eimeria. Kuku ana spishi zake, saba zikiwa ndizo zinazojulikana zaidi. Bata mzinga, sungura na ng'ombe nao wana zao. Mbuzi na kondoo ndio waliowachanganya hata wataalamu: oosisti za koksidia wao, yaani vijiyai vyenye ganda vinavyotoka na kinyesi, zinafanana sana chini ya darubini, na kwa muda mrefu ziliitwa kwa majina yaleyale. Majaribio ya kuambukiza mnyama mmoja kwa oosisti za mwingine yaliposhindwa, spishi zikatenganishwa.

Ubaguzi wao hauishii kwenye mnyama. Ndani ya kuku mmoja, E. acervulina hushika mwanzo wa utumbo mwembamba, E. maxima hukaa katikati, na E. tenella huvamia ile mifuko miwili iliyo karibu na mwisho wa utumbo. Ndiyo sababu daktari wa mifugo akimpasua kuku aliyekufa hutazama kwanza kidonda kiko wapi. Sungura naye ana E. stiedae, koksidia aliyeuacha utumbo akahamia kwenye mirija ya nyongo ndani ya ini. Hata kinga hufuata spishi: kuku aliyepona E. tenella anaweza kuugua E. maxima kana kwamba hajawahi kuugua kitu.

Viatu vyako, hata hivyo, havibagui. Vitabeba oosisti kutoka banda moja la kuku hadi jingine bila taabu.

Dhana: Kilichoonekana kwenye kinyesi cha mnyama ni kimelea chake

Mbwa hupenda kula vinyesi vya sungura. Oosisti za Eimeria alizomeza hupita tumboni mwake na kutoka upande wa pili zikiwa nzima, bila kumdhuru. Asiyelijua hili atamtibu mbwa ugonjwa asiokuwa nao. Koksidia wa kweli wa mbwa ni Cystoisospora, na tofauti huonekana oosisti ikikomaa: ya Eimeria ina vifuko vinne ndani, ya Cystoisospora ina viwili.

Dhana: Giadia ni ileile kwa wote

Giadia ni protozoa mwingine wa utumbo anayeleta kuhara. Jina ni moja, Giardia duodenalis, na sura ni moja. Vinasaba ndivyo vinavyotofautiana, kwa makundi yanayoitwa A hadi H. C na D ni ya mbwa, E ya wanyama wenye kwato, F ya paka. A na B humpata binadamu pamoja na mamalia wengine wengi. Kwa hiyo mbwa mwenye giadia mara nyingi ana ile isiyokuhusu, lakini darubini peke yake haiwezi kukuhakikishia. Nawa mikono.

Dhana: Kriptosporidia ya binadamu lazima imetoka kwa ng'ombe

Kriptosporidia (Cryptosporidium) naye ni protozoa wa utumbo anayeleta kuhara. Mwaka 1993, maji ya bomba ya jiji la Milwaukee, Marekani, yaliwaambukiza watu wanaokadiriwa kufikia 403,000. Ng'ombe walishukiwa mapema. Vinasaba vilipochunguzwa baadaye vikaonyesha aina ya binadamu, ile iliyopewa jina la C. hominis mwaka 2002. Hata hivyo, si kwamba ng'ombe hana hatia kabisa: ndama wa wiki chache anayehara humwaga C. parvum kwa wingi, na hiyo humwambukiza kweli anayemhudumia.

Dhana: Mnyama yeyote mwenye Toxoplasma huisambaza kwa kinyesi

Ndege na mamalia wa kila aina huambukizwa kimelea hiki cha seli moja, lakini oosisti hutolewa na jamii ya paka tu. Kwa nini paka? Jibu lililopatikana 2019 linanifurahisha kila nikilikumbuka: utumbo wa paka hauna utendaji wa kimeng'enya kinachobadilisha asidi ya linoleiki (aina ya mafuta), na mafuta hayo yakibaki kwa wingi kimelea huanza uzazi wa kijinsia. Watafiti waliwalisha panya asidi hiyo na kukizuia kimeng'enya chao. Panya wakatoa oosisti.

Dhana: Kimelea kilekile, madhara yaleyale

Amiba Entamoeba invadens hukaa kwa amani ndani ya kobe wengi, lakini huweza kumuua nyoka. Protozoa Histomonas meleagridis naye humsumbua kuku kidogo tu, ila kundi la bata mzinga anaweza kulifyeka. Husafiri ndani ya mayai ya mnyoo Heterakis gallinarum, na mayai hayo huishi udongoni kwa miaka. Kwa hiyo uwanja walikozunguka kuku wako wenye afya tele si mahali pa kuweka bata mzinga.