Vasa si meli ya Waviking, jamani

Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya Vasa, ile meli ya vita ya Sweden iliyomo makumbusho hapa Stockholm, na mume na mke kutoka Nairobi. Ziara binafsi, saa nne, watu wasikivu, maswali mazuri. Nilikwisha kueleza mizinga, nikaeleza farumi (uzito unaowekwa chini ya meli isipinduke), na mwaka 1628, meli ilipozama, niliutaja si chini ya mara tatu. Yule bwana akaikagua meli kuanzia tezi mpaka omo, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema: "Hawa Waviking walikuwa mafundi bwana."

Nikatazama sakafu. Mkewe akadhani naumwa.

Simlaumu, na kwa kweli namshukuru, maana amenifanya nikae chini niandike. Natembeza wageni Stockholm mwaka wa kumi na moja sasa (kule Tanga ndugu zangu husema mimi ni "gaidi wa Sweden", na Mungu ndiye anajua majirani wanaelewa nini), na sikumbuki wiki iliyokwisha bila mtu kuniomba nimwonyeshe meli ya Waviking, nyumba za Waviking, vichochoro vya Waviking. Wengine wamelipia ziara nzima kwa ajili hiyo. Basi nasema kwa maandishi: Vasa si meli ya Waviking. Gamla Stan, mtaa wa kale wa Stockholm, si mji wa Waviking. Na Stockholm yenyewe, Mviking angepita hapa na chombo chake asione mji wa kushukia.

Zama za Waviking, wale mabaharia na wavamizi wa kale wa Skandinavia, huhesabiwa kuanzia uvamizi wa monasteri ya Lindisfarne, Uingereza, mwaka 793 hadi karibu mwaka 1066, ingawa hapa Sweden wengi huzivuta mbele kidogo kwa kuwa Ukristo ulichelewa kushika. Vasa ilizama tarehe 10 Agosti 1628. Piga hesabu mwenyewe: ukiwa umesimama mbele yake leo, wewe uko karibu zaidi na Vasa kuliko alivyokuwa Mviking wa mwisho. Kwa yule bwana wa Nairobi nilipita njia nyingine. Nikamuuliza, "Fort Jesus umefika?" Amefika, walipelekwa na shule. Haya, Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mwaka 1631, miaka mitatu baada ya Vasa kuzama, Yusuf bin Hasan wa Mombasa akawageuka na kuiteka. Vasa ni rika la Fort Jesus.

"Kumbe ni ya juzi!" akasema, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mtu aliyekulia karibu na vyombo angejua kwa kutazama tu. Chombo cha Mviking kina mlingoti mmoja, tanga moja la mraba, makasia, mbao zinazopandana kama vigae, na tumbo la kina kifupi la kuingia mitoni. Mtepe wa Lamu, nao wenye mlingoti mmoja na tanga la mraba, ungeelewana nacho vizuri zaidi kuliko Vasa. Vasa ina milingoti mitatu, sitaha mbili za mizinga, mizinga 64 ya shaba, urefu wa mita 69. Waviking walipokuwa wakipora makanisa, baruti haikuwa imefika Ulaya.

Jinsi ilivyozama naipitisha haraka kwa sababu kila mtu anaijua: nzito juu, nyembamba chini. Farumi ya mawe ilikuwamo, tani 120 hivi, lakini ukizidisha farumi unayashusha matundu ya mizinga karibu na maji, na ni kwenye matundu hayohayo maji yaliingia. Kabla ya safari walifanya jaribio, watu 30 wakakimbia kutoka ubavu huu kwenda ule, meli ikayumba hata amiri akaamuru waache baada ya mara tatu. Halafu wakatweka hivyo hivyo. Mita 1,300 tu, upepo ukaja, ikalala. Walikufa watu karibu 30. Baraza likaitwa, likauliza maswali, likatawanyika bila kumtia mtu hatiani.

Hapa nina jambo la kuungama. Miaka yangu minne ya mwanzo nilikuwa nasimulia kwa mbwembwe kwamba kosa ni la mfalme, Gustav II Adolf: alikuwa vitani, akasikia adui anajenga meli kubwa, akatuma barua wamwongezee sitaha ya pili ya mizinga na mkuku, ule uti wa chini wa meli, umeshalazwa. Wageni wanaipenda hadithi hii kupita kiasi. Kila mmoja ana bosi wa namna hiyo. Taabu ni kwamba waliozichunguza mbao zenyewe wanaitilia shaka, na walichokipata ni kitu kidogo tu: ndani ya meli zilikutwa rula za mafundi zisizolingana, nyingine za futi ya Sweden na nyingine za futi ya Amsterdam, ambayo ni fupi. Je, hilo ndilo lililoizamisha? Mimi siwezi kuapa, na sijasikia mtaalamu anayeapa. Nilipoacha kumsimulia mfalme, bakshishi ilipungua.

Swali ambalo ningependa niulizwe kila siku huulizwa na watu wa pwani peke yao: kwa nini haikuliwa? Kule Tanga dau lazima lipandishwe pwani, lisuguliwe, lipakwe deheni, la sivyo yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao analigeuza chekecheo. Vasa ilikaa chini ya maji miaka 333, ikaibuliwa tarehe 24 Aprili 1961, na sehemu kubwa kabisa ya unayoiona ni mbao zake za asili. Jibu ni chumvi. Baltiki ina chumvi kidogo mno, na maji ya Stockholm yana pungufu zaidi, kwa hiyo mdudu huyo haishi huku.

Tukifika gatini Slussen kusubiri kivuko cha Djurgården, kisiwa iliko Vasa, watu hao hao wa pwani huniuliza kitu kingine, bila hata kufikiri, kama mtu anavyouliza saa: "Hapa maji yamejaa au yamekupwa?" Hakuna. Baltiki haina kupwa na kujaa kwa macho yako wewe. Ila ina kupwa kwake, na ukikuelewa huko umeelewa kwa nini hapa hapakuwa na mji wa Waviking. Hapa sasa naomba usinikimbize.

Zamani za barafu, Skandinavia yote ilikuwa chini ya mzigo wa barafu wenye unene uliofikia kilomita tatu hivi. Ardhi ilididimia kama godoro lililolaliwa na jitu. Barafu ilipoyeyuka, godoro likaanza kuinuka, na mpaka leo linainuka. Hapa Stockholm ni karibu nusu sentimita kwa mwaka. Unaona ni upuuzi? Zidisha kwa miaka elfu moja: mita tano. Maana yake, Mviking alipopita hapa, maji yalikuwa juu kuliko leo kwa kiasi cha nyumba ya ghorofa moja. Vichochoro vya chini unavyopigia picha vilikuwa maji. Kisiwa cha Gamla Stan kilikuwa kilima kidogo kilichochungulia, na Mälaren, ambalo leo ni ziwa, lilikuwa mkono wa bahari. Nahodha alitoka Baltiki akaingia ndani moja kwa moja bila kumwomba mtu ruhusa, akaenda Birka, kwenye kisiwa cha Björkö, mwendo wa kilomita 30 hivi magharibi ya hapa. Huko ndiko mji ulikokuwa, kuanzia kama mwaka 750 hadi karibu 975. Halafu ukaja mji wa Sigtuna.

Na ardhi iliendelea kuinuka. Kufika karibu mwaka 1200, mlango kati ya Mälaren na bahari ulikuwa umebaki mwembamba na wenye mkondo mkali, vyombo vikubwa havipiti tena, shehena lazima ishushwe na ipakiwe upya. Palipo na kushusha na kupakia pana mchukuzi, mama ntilie, mlinzi na mtoza ushuru. Umepata mji. Jina la Stockholm linaonekana katika barua kwa mara ya kwanza mwaka 1252, wakati wa Birger Jarl, mtawala wa Sweden, na kufikia hapo Waviking wamekwisha zamani, wajukuu wa wajukuu zao wanakwenda misa. Ni bahari iliyokupwa isirudi ndiyo iliyouleta mji huu. Siku hizi ziwa liko juu ya bahari kwa sentimita 70 hivi, ndiyo maana pale Slussen kuna lango la maji la kupandisha na kushusha boti, na wewe ulisimama palepale ukaniuliza nyumba za Waviking ziko wapi.

Jina lenyewe? "Stock" ni gogo, "holm" ni kisiwa kidogo. Kuna ngano kwamba Sigtuna ilipochomwa mwaka 1187 walionusurika walitia mali zao ndani ya gogo, wakaliacha lielee, na lilipogota wakajenga. Nzuri kwa watoto. Wengi wanaona ni magogo yaliyochomekwa majini kuuziba mlango dhidi ya maadui. Mimi huwa nasema la pili kwa sauti ya uhakika kuliko uhakika wenyewe ulivyo.

Kuna mtu ataniambia, mbona Gamla Stan kuna jiwe la maandishi ya Waviking? Ndiyo, lipo, kona ya Prästgatan na Kåkbrinken, na waongozaji wote tunapita hapo. Jiwe la runi, limevunjika, limejengewa ukutani kwenye kona ya nyumba, na mbele yake limesimamishwa bomba la mzinga wa zamani ili magurudumu ya mikokoteni yasiikwangue kona. Walioliweka walikuwa wakimkumbuka mtoto wao. Karne nyingi baadaye fundi mwashi akaliona ni jiwe gumu zuri, akajengea nyumba. Lilitoka wapi kabla ya hapo, halisemi. Kumbukumbu ya mtu imegeuzwa tofali na ninyi mnaiita ushahidi wa mji.

Pembe kwenye helmeti: hapana. Zilivalishwa waimbaji wa opera ya Wagner kule Bayreuth mwaka 1876, kazi ya mbunifu wa mavazi Carl Emil Doepler. Tuendelee.

Sasa ziara binafsi. Watu hufikiri kulipia mwongozaji wa peke yako ni kununua mwendo: tupo wawili tu, kwa hiyo tutaona kila kitu kwa saa tatu. La. Ulichonunua ni uhuru wa kugeuza njia, na uhuru huo nusu yake unaisha kama hujaniambia mapema unatafuta nini. Kama ni Waviking, niambie wiki moja kabla. Kiangazi kuna boti ya Birka, inakula siku nzima, na ukifika utakuta majani, vilima vya makaburi na kondoo, usije ukalalamika. Sigtuna ni treni hadi Märsta kisha basi. Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, na mawe ya Gamla Stan yakishika barafu viatu vyako vya ngozi ni ajali inayosubiri. Kichochoro cha Mårten Trotzig, cha sentimita 90, namwonyesha mgeni yeyote isipokuwa wa Mji Mkongwe, ambaye mara zote huniuliza, "Ndiyo hiki?"

Ukikosa muda wa Birka, twende Historiska museet, makumbusho ya historia. Mwezi wa Mei nilimpeleka mzee mmoja wa Maskati na binti zake, watu waliozaliwa Zanzibar au kwa wazazi wa Zanzibar, Kiswahili chao kitamu kuliko changu. Nikawasimamisha mbele ya dirhamu. Fedha ya Kiislamu, iliyofika huku kwa mito ya Urusi na kuzikwa ardhini na Waviking. Kule Gotland, kisiwa cha Sweden, mwaka 1999, ilifukuliwa hazina moja yenye kilo 67 za fedha, sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zao za aina hii. Mzee akavua miwani, akakisogelea kioo. Hati ya Kikufi, Kiarabu cha zamani, haina nukta, inasumbua. Akaifuata kwa kidole hewani, taratibu, "la ilaha... illa llah," akaacha. Binti mkubwa akauliza, "Walikuwa wanauza nini, wapate zote hizi?"

Manyoya ya wanyama, nikasema. Na watu.

Mimi wa Tanga, wao wa Unguja na Maskati. Hakuna aliyeongeza neno, tukaenda chumba kinachofuata.

Nje jua lilikuwa limewaka. Nilijisikia kwamba kwa mara moja kazi yangu nimeifanya inavyostahili: ardhi nimeieleza, Birka nimeieleza, pembe nimezing'oa. Mzee akanishika mkono tukivuka barabara.

"Mwanangu," akasema, "na ile meli kubwa ya Waviking tutaiona saa ngapi?"

"Saa nane, Babu," nikasema.