Ukindu wa porini na bei ya kikapu

Jamani, hii ya "ukindu si unaota tu porini, mbona kikapu bei hivyo" naisikia kila siku dukani kwangu ninapouza vikapu na sio kweli kabisa. Ukindu, yaani majani ya mkindu, unakatwa ukiwa mchanga, unaanikwa juani mpaka uwe mweupe, unachanwa, unachemshwa na rangi, ndo mama anaanza kusuka ukili, utepe mrefu mita na mita, halafu anaushona kwa mkono kuzungusha mpaka kikapu kisimame. Kigeuze uangalie kitako, mshono utauona. Mimi naongeza hapo kodi ya fremu, leseni, na vile vinavyokaa miezi bila mnunuzi, maana kwa msukaji nalipa taslimu, sichukui mali kauli, yaani mzigo wa kulipia baada ya kuuza. Nikikuachia kwa nusu bei, mzigo ujao yule mama namlipa nini?