Lottie Dod na sketi ya shule

Kila nikimtaja Lottie Dod, mchezaji tenisi wa Uingereza wa karne ya 19, mbele ya makocha wenzangu, hakosekani mmoja wa kusema, "Yule alibebwa na sketi."

Si uongo mtupu. Alipotwaa ubingwa wa wanawake kwenye mashindano ya tenisi ya Wimbledon mwaka 1887, Lottie alikuwa na miaka 15 na siku 285. Kwa kuwa bado alihesabiwa mtoto, aliruhusiwa sketi fupi ya msichana wa shule. Wapinzani wake walikuwa watu wazima: gauni hadi chini, kiuno kimebanwa kwa koseti.

Siku moja nilijaribu mwenyewe. Nikavaa dera, nikamwambia mwanafunzi wangu anidondoshee mipira mifupi karibu na wavu. Wa kwanza niliuwahi, pindo nimelishika kwa mkono wa kushoto. Wa pili nilikanyaga dera, raketi ikanitangulia kufika chini. Na hapo sina koseti.

Hata hivyo, sketi haielezi alivyokuwa anacheza. Wanawake wengi wa wakati ule walikaa mstari wa nyuma wakirudishiana mpira taratibu. Lottie naye alianzisha mpira kwa mkono wa chini, lakini baada ya hapo alisogea mbele, akaukata mpira hewani kabla haujadunda, na wa juu akaupiga smashi, yaani kwa nguvu kuelekea chini. Alikulia Bebington, Cheshire, nyumbani kwa mfanyabiashara wa pamba aliyekuwa na viwanja vya tenisi, akicheza na kaka zake. Mimi naona ukali ule ulitoka huko. Mwaka 1886, akiwa na miaka 14, alimfunga Maud Watson huko Bath. Watson ndiye bingwa wa kwanza wa wanawake Wimbledon, na alikuwa hajapoteza mechi tangu 1881.

Kuhusu mataji yake matano ya Wimbledon (1887, 1888, 1891, 1892 na 1893), kuna jambo la kuelewa kwanza. Zama hizo bingwa mtetezi hakupitia raundi za awali. Wengine walichujana, yeye akisubiri kucheza mechi moja tu na aliyebaki. Kwa hiyo idadi ya mataji peke yake haikuambii mengi. Angalia alimfunga nani. Mara zote tano mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya mtu yuleyule: Blanche Bingley, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Blanche Hillyard. Mwaka 1887 ilikuwa 6-2, 6-0. Mwaka 1892 ilikuwa 6-1, 6-1.

Mechi ninayoipenda mimi ni ya 1893. Lottie ana miaka 21, kisingizio cha utoto kimekwisha. Anapoteza seti ya kwanza 6-8, anachukua ya pili 6-1, anamaliza ya tatu 6-4. Wa sketi nawajibu kwa mechi hii.

Mwaka 1888 alicheza na Ernest Renshaw, bingwa wa wanaume wa Wimbledon mwaka huohuo. Alipewa 30 za bure kila gemu, yaani alibakiza pointi mbili tu kuimaliza, isipokuwa wakifika sare ya 40. Akachukua seti ya kwanza 6-2. Renshaw akaponea chupuchupu kwa seti mbili zilizofuata, 7-5, 7-5.

Baada ya 1893 hakurudi tena Wimbledon. Akachezea Uingereza hoki, mwaka 1904 akawa bingwa wa gofu ya wanawake huko Troon, na 1908, akiwa na miaka 36, akapata medali ya fedha ya kulenga shabaha kwa upinde kwenye Olimpiki ya London.

Naye Blanche? Lottie alipoondoka tu, 1894, taji likarudi kwake. Akalibeba tena 1897, 1899 na 1900, na mwaka huo wa mwisho yeye pia alikuwa na miaka 36, bado na gauni lake refu.