Mlezi si koneksheni: yanayosemwa vyuoni kuhusu kujifunza uongozi

Nilichaguliwa kuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, mwaka wa pili kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa. Wiki ya tatu darasa likagawanyika. Wanaokaa bweni walitaka jaribio lisogezwe hadi Jumatatu, wanaotoka nyumbani wakataka libaki Ijumaa. Mimi nikaenda kwa mwalimu wa somo peke yangu, nikachagua tarehe niliyoona inafaa. Kesho yake nusu ya darasa hawakuitikia salamu yangu. Mhadhiri aliyekuwa mlezi wa klabu yetu ya midahalo akaniita. Hakunifokea. Aliniuliza tu: "Ulipotoka darasani siku ile, ulikuwa unajua wenzako wanataka nini?"

Sikuwa na jibu, na swali lile lilinifunza kuliko semina zote nilizohudhuria chuoni. Ndiyo maana inaniuma kusikia yanayosemwa kuhusu walezi na makocha wa uongozi, watu wanaomsaidia mwanafunzi ajifunze kuongoza, kwa sababu mengine yanawanyima wanafunzi kitu wanachokihitaji sana.

Dhana: Uongozi ni kipaji, mtu huzaliwa nacho.

Ujasiri wa kusimama mbele za watu huenda mtu akazaliwa nao. Lakini kuendesha kikao kikaisha kwa saa moja, kumwambia rafiki yako kwamba hesabu za klabu haziendi sawa, kugawa kazi ya kikundi bila watu wawili kubebeshwa mzigo wa wanane, hayo hufundishika. Ni kama ushonaji: unashona, mwenye jicho anautazama mshono, unafumua, unashona tena. Wanafunzi wengi nafasi ya kushona wanayo. Wanachokosa ni mtu wa kuutazama mshono.

Dhana: Bila cheo katika serikali ya wanafunzi hujifunzi kitu.

Julius Nyerere alipokuwa Makerere kati ya 1943 na 1945, yeye na wenzake kutoka Tanganyika waliunda chama kidogo cha ustawi wa Watanganyika. Chama hicho kikaja kuwa tawi la TAA (Tanganyika African Association), na ni TAA iliyogeuzwa kuwa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, mwaka 1954. Mahali padogo panatosha. Anayekusanya rambirambi za darasa mwenzao anapofiwa anashika fedha za watu, anasikia manung'uniko yao, anatoa hesabu. Kwangu huyo anajifunza uongozi kuliko waziri wa wanafunzi asiye na kazi.

Dhana: Mlezi ni koneksheni ya kazi.

Hii ndiyo inayoharibu zaidi. Mwanafunzi anakutana na mtu mzima mwenye nafasi yake, na kabla chai haijapoa ameshatoa wasifu wake kwenye bahasha. Mtu yule anaagana naye kwa adabu, simu inayofuata haipokelewi, na kijana anaamini wakubwa wana roho mbaya.

Mtazame Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya. Mwaka 1966 alirudi Nairobi kutoka Marekani akiwa ameahidiwa kazi katika idara ya zoolojia ya chuo kikuu, akakuta amepewa mwingine. Profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, akampa kazi ya msaidizi katika idara ya anatomia ya mifugo. Utasema, si hiyo koneksheni? Angalia kilichofuata. Hofmann alimhimiza asome zaidi, Wangari akaenda Ujerumani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Akiwa katika utafiti wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, akikusanya kupe vijijini, akaona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo. Ni mojawapo ya mambo yaliyomfanya aanzishe Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977. Wazo la miti hakupewa na mlezi. Alichopewa ni kazi ngumu na mtu aliyeamini kwamba anaweza zaidi ya hapo. Tena mtu huyo hakuwa wa kabila lake, wala jinsia yake, wala taifa lake. Wanaosubiri mlezi anayefanana nao kwa kila kitu wazingatie hilo.

Dhana: Kocha na mlezi ni kitu kimoja, na kazi yao ni kutoa majibu.

Mlezi amekutangulia njiani. Anakusimulia alipojikwaa, na uhusiano wenu unaweza kudumu miaka. Kocha si lazima awe amepita njia yako. Anakaa nawe kwa vikao vichache juu ya jambo moja, na chombo chake ni swali. John Whitmore, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa mbio za magari kabla ya kugeukia kazi hii, alieneza utaratibu wa hatua nne unaotumika hadi leo: unataka nini, hali ikoje sasa, una njia zipi, na utafanya nini lini. Ujaribu kwenye ugomvi wowote wa darasani. Utagundua kwamba wengi wetu huruka hatua ya pili, kama nilivyoiruka mimi.

Na jambo hili si geni kwetu. Somo, yaani kungwi, humfunda mwali ndani, faraghani, hamsemi barazani. Anayekukosoa kwenye grupu la WhatsApp mbele ya watu mia mbili hakulei.

Dhana: Wakubwa hawana muda na sisi.

"Naomba uwe mlezi wangu" ni ombi zito kwa mtu asiyekujua. Omba dogo: "Alhamisi ninaongoza kikao, naomba dakika ishirini nikuoneshe ajenda." Kama mhadhiri ni mgumu kumpata, mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyewahi kushika nafasi yako anatosha kabisa kuanzia. Kisha urudi kusema ilikwendaje, maana wengi hupewa ushauri wakapotea moja kwa moja.

Mimi nilirudi. Nilikuwa nimepitisha karatasi darasani: 31 Jumatatu, 12 Ijumaa. Nikaiweka mezani kwa mhadhiri nikiwa na furaha. Akaisoma, akanitazama.

"Na hawa kumi na wawili, umewaambia nini?"

Nikaichukua karatasi, nikarudi darasani.