Hadubini ya elektroni: yanayosemwa Kigoma na yalivyo kweli

Kuna hatua ambayo mtafiti wa Ziwa Tanganyika huifikia na hadubini ya kawaida ya maabara haimsaidii tena. Ana diatomu kwenye kioo, vile viumbe vidogo vyenye ganda la silika ambavyo ni sehemu ya chakula cha wanyama wadogo wa majini wanaoliwa na dagaa, na anaona aina mbili zinazofanana kabisa. Tatizo haliko kwenye macho yake wala kwenye lenzi. Mwanga wenyewe una kikomo: vitu vilivyoachana kwa chini ya takriban nanomita 200 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) huonekana kitu kimoja. Hadubini ya elektroni, iliyotengenezwa Berlin mwaka 1931 na Ernst Ruska na Max Knoll, inavuka kikomo hicho kwa kutumia elektroni badala ya mwanga.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wengi wanaacha swali zuri njiani kwa sababu ya mambo waliyosikia, na mengi ya hayo si kweli.

"Mashine ni ya chuo chao, mtu wa nje hapewi"

Wanapewa, na vituo vingi vimejengwa kwa ajili hiyo. Hadubini ya elektroni ni ghali kununua na ghali zaidi kuitunza, kwa hiyo vyuo huiweka kwenye kituo cha pamoja chenye mafundi wake, kalenda yake na bei zake. Kwa kawaida bei ni za ngazi tatu: watafiti wa chuo chenyewe, watafiti wa vyuo na taasisi nyingine, na kampuni. Mtu wa Kigoma anaingia ngazi ya pili, na hahitaji kujuana na mtu. Afrika Kusini peke yake ina vituo kadhaa vinavyofanya kazi za watafiti wa nje, kama vile vya Chuo Kikuu cha Cape Town na Stellenbosch.

Vipo pia vituo visivyotoza muda wa mashine kabisa. eBIC, kituo cha hadubini za elektroni kwa ajili ya biolojia kilicho ndani ya kituo cha utafiti cha Diamond Light Source huko Oxfordshire, Uingereza, hutoa muda kwa ushindani: andiko linapitiwa na wataalamu, na likishinda hulipii, ila matokeo sharti yachapishwe. Lakini hicho ni kituo cha protini, virusi na seli zilizogandishwa. Usikipelekee maombi ya diatomu. Kuomba kituo kisicho chako ni sababu ya kawaida ya kukataliwa, na mwombaji hubaki akiamini amenyimwa kwa sababu ya anakotoka.

"Lazima nisafiri, na lazima nijue kuiendesha"

La. Unaweza kutuma sampuli, fundi akafanya kazi na kukurudishia picha. Unaweza kukaa na fundi, au kumfuatilia kwa skrini kupitia intaneti pale kituo kinaporuhusu, ukimwambia asogee wapi. Au unafundishwa, unapimwa, kisha unaruhusiwa kuiendesha peke yako. Njia ya tatu inamfaa mwenye kazi ya miezi mingi. Mwenye sampuli chache asijitwishe gharama ya mafunzo.

"Fomu ni utaratibu tu, jaza upesi"

Hapa ndipo maombi mengi yanapokufa. Anayesoma fomu yako si karani. Ni mtaalamu anayejiuliza mambo matatu: je, mashine hii inaweza kujibu swali hili, je, sampuli hii itaiharibu mashine yangu, na je, itachukua saa ngapi?

Ukiandika "naomba kuchunguza diatomu za Ziwa Tanganyika", hujamjibu hata moja. Andika hivi: "Nina sampuli sita kavu za diatomu zilizosafishwa. Aina mbili za Nitzschia zinafanana kwa hadubini ya mwanga. Nataka kuhesabu mistari ya ganda kwa kila mikromita 10 na kuona umbo la vitundu vyake. Naomba hadubini ya elektroni ya kutambaza uso (SEM), picha kumi kwa kila sampuli. Naambatisha picha za hadubini ya mwanga." Akisoma hivyo anajua mashine gani, kazi kiasi gani, na kwamba umeshafanya sehemu yako. Atakujibu kwa profoma, yaani hati ya makadirio ya bei, badala ya maswali.

Hizo picha za hadubini ya mwanga zina uzito kuliko barua ya utambulisho yenye mihuri mitatu. Barua inasema wewe ni nani, lakini picha ndizo zinazoonyesha kwamba kweli umefika mwisho wa uwezo wa kifaa ulicho nacho. Barua ya taasisi bado itahitajika, ila isichukue nafasi ya swali.

Na uandike barua pepe kabla ya kujaza chochote. Vituo vingi hupendelea mazungumzo kwanza, na ni bora uambiwe mapema kwamba swali lako linajibika kwa kifaa cha bei nafuu zaidi.

"Sampuli ni sampuli, iweke kwenye fomalini utume"

Ningependa dhana hii ife kabla ya nyingine zote, maana inaunguza pesa za watu. Ndani ya hadubini ya elektroni ya kawaida kuna ombwe: hewa imenyonywa karibu yote. Kitu chenye maji kitachemka na kusinyaa, na kitu chenye mafuta kitatoa mvuke utakaochafua mashine. Anayefanya kazi na michikichi alizingatie hili hasa: tunda la mchikichi bichi, lenye mawese yake, halikubaliki hadi lishughulikiwe.

Diatomu ndizo rahisi kuliko zote. Unaondoa mabaki ya viumbe hai kwa haidrojeni peroksaidi yenye joto, unaosha kwa maji safi mara kadhaa hadi dawa iishe, kisha unadondosha tone moja kwenye kibao kidogo cha alumini, chenye upana wa kama sentimita moja na robo, na kuliacha likauke mahali pasipo vumbi. Silika haipitishi umeme, hivyo elektroni hurundikana juu yake na picha inawaka na kutetemeka. Ndiyo maana kituo huipaka tabaka jembamba la dhahabu au kaboni kabla ya kuanza. Kibao kikavu cha namna hiyo kinasafiri kwa kifurushi bila shida.

Tishu ni habari nyingine. Ukitaka kuona ndani ya seli, kwa mfano kwenye tamvua za mgebuka, kipande kisizidi milimita moja, na kiingie kwenye glutaraldehaidi mara tu samaki anapokufa, si baada ya kufika maabara jioni. Fomalini ya kawaida, ambayo inatosha kwa hadubini ya mwanga, haihifadhi vizuri utando wa seli. Kugandisha kwenye friza ni kosa kubwa zaidi: chembe za barafu huchana seli, na hakuna fundi atakayezirudisha. Kipande kikishakolea dawa, hutunzwa kwenye baridi ya takriban nyuzi 4. Mtaalamu hukata vipande vya unene wa nanomita 50 hadi 100 ili elektroni ziweze kupenya. Kazi hiyo ya kuandaa ndiyo inayokula siku na fedha, mara nyingi kuliko saa za mashine zenyewe. Anayesema "saa moja ni shilingi ngapi" ameuliza nusu tu ya bei.

Kemikali hizi ni hatari kuvuta na kugusa, na fomalini haipakiwi kwenye ndege kama mzigo wa kawaida. Uliza kampuni ya usafirishaji kabla ya kufunga boksi.

"Ni matope tu ya ziwa, kibali cha nini?"

Kinahitajika. Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa kuhusu kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zake, na sampuli ya kibiolojia inayotoka nchini inapaswa kuwa na makubaliano ya maandishi ya kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili. Anza na taasisi yako na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mmea una cheti chake cha afya kutoka TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kipande cha tishu ya sokwe mtu wa Gombe kinaingia pia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na hapo anza mapema sana. Kituo makini kitakuomba karatasi hizi kabla hakijapokea kifurushi, na kiko sahihi.

"Kukuza zaidi ndiko kuona zaidi"

Sivyo. Picha iliyokuzwa mara 100,000 bila kuonyesha sehemu hiyo iko wapi kwenye ganda haina kazi. Piga kwanza ya mbali, halafu sogea. Na usisubiri rangi: picha hutoka nyeusi na nyeupe, rangi unazoziona magazetini zimepakwa baadaye.

"Nimelipa, tumemalizana"

Kituo kinatakiwa kutajwa kwenye shukrani za makala yako, kwa sababu hivyo ndivyo kinavyowathibitishia wafadhili wake kwamba kinatumika. Fundi aliyebuni njia ya kuandaa sampuli yako au kukusaidia kutafsiri picha anaweza kustahili kuwa mwandishi mwenza, na jambo hilo hujadiliwa mwanzoni. Mafaili nayo yachukue mapema, yakiwa katika umbo lake la asili lenye kipimo cha ukubwa, kwani vituo vingi huyafuta baada ya muda uliotajwa kwenye masharti.