Fyuzi ikiungua usiweke kubwa, hailindi hita inalinda waya

Jamani huku Mtwara nani anahitaji siti ya moto, jasho lenyewe tunalo la bure, lakini madereva wetu wanaopiga ruti ya Masasi, Tunduru, Songea mpaka Njombe mwezi wa saba wanajua baridi ya kule ilivyo, ndo maana wengine wanafunga zile hita za kununua, mikeka inayoingia chini ya kava la siti.

Sasa tatizo ni hili. Watu wanaunga kwenye waya wa redio, fyuzi inakata, wanaambiwa weka kubwa. Hapana! Fyuzi ipo kwa ajili ya waya. Hita moja inakula kama wati 50, kwenye gari ya volti 12 hiyo ni ampia 4 na kitu, siti mbili zinapita 8, juu yake redio yenyewe, kwahiyo ile nyekundu ya ampia 10 ikikata imefanya kazi yake. Ukichomeka ya kijani ya 30, fyuzi haikati tena ila waya mwembamba ndo unageuka hita, plastiki inalainika kimyakimya nyuma ya dashibodi, utasikia harufu tu.

Vuta waya mnene wako toka betri, fyuzi yake karibu kabisa na betri, weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayowaka na swichi ya gari usije ukaamka betri imelala. Na zile soketi za njano chini ya siti ni za eabegi (mfuko wa hewa unaokukinga kwenye ajali), mwambie fundi asiziguse.