Nanoteknolojia katika tiba ya mifupa ni nini?

Ni utengenezaji wa vifaa vya kutibia mifupa kwa vipimo vya nanomita 1 hadi 100. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Wengi husikia neno hili wakawaza roboti zinazozunguka kwenye damu, lakini kazi kubwa iko kwenye uso wa chuma anachowekewa mgonjwa.

Mfupa wenyewe umejengwa kwa vipimo hivyo: nyuzi za kolajeni, yaani protini, zilizokazwa na fuwele za kalsiamu na fosfati zenye unene wa nanomita chache tu. Seli inayojenga mfupa imezoea kushika vitu vya ukubwa huo. Ikikuta chuma kilichosuguliwa hadi kikang'aa, hushika kwa shida. Kovu laini huota badala ya mfupa, na kifaa hulegea.

Chukua titani, chuma kinachotumika kutengeneza vifaa hivyo. Huzamishwa kwenye mchanganyiko wa asidi ya fosforasi na floridi kidogo, ikaungwa na ncha chanya ya umeme. Volti 1 hadi 20 huotesha juu yake mirija midogo iliyosimama wima, yenye kipenyo cha nanomita 15 hadi 100. Volti zikipanda, mirija hupanuka. Majaribio ya Erlangen, Ujerumani, yaliyochapishwa 2007, yalionyesha seli zikishika vizuri mirija ya 15, na nyingi zikifa kwenye ya 100. Kwa hiyo usiridhike na kifaa kilichoandikwa "nano". Uliza ni nanomita ngapi. Uliza pia kama tabaka hilo la mirija limeshikamana na chuma, kwani likiwa dhaifu hubanduka msumari unapogongwa ndani ya mfupa.

Chembe za madini ya fedha hupakwa ili kuzuia usaha. Hutoa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zinazoua bakteria kabla hawajajenga utando ambao antibaiotiki hupenya kwa tabu. Zikizidi, huua na seli za mfupa.

Udogo huohuo una hatari yake. Nyonga bandia za chuma kwa chuma, za kobalti na kromiamu, zikisuguana hutoa vumbi la nanomita. Vumbi hilo huingia kwenye tishu na damu, likaua misuli iliyo jirani na kula mfupa. Aina ya ASR ya kampuni ya DePuy iliondolewa sokoni 2010. Mwenye nyonga ya namna hiyo apimwe damu: mwongozo wa Uingereza unataka uchunguzi zaidi kobalti au kromiamu ikizidi mikrogramu 7 kwa lita.